Vasa: Merikebu Iliyotunzwa na Maji Machafu

Agosti 1956, mhandisi Mswidi Anders Franzén alikuwa kwenye mashua ndogo katika bandari ya Stockholm, akitupa majini chombo kizito cha chuma kilichofungwa kamba. Chombo hicho kilikuwa na mdomo wenye makali, na kila kilipogonga kitu kigumu kilimega kipande na kurudi nacho juu. Alikuwa ameshaopoa kwa njia hiyo takataka za kila namna. Safari hii kilirudi na kipande cha mwaloni mweusi tii, na mwaloni haupati weusi wa namna ile mpaka ukae majini miaka mingi sana. Baada ya siku chache mpiga mbizi Per Edvin Fälting alishuka mita 32, kwenye giza totoro, akapapasa kwa mikono ukuta wa mbao. Akakuta tundu la mraba la mzinga. Alipopanda kidogo akakuta safu nyingine ya matundu. Manowari yenye safu mbili za mizinga iliyozama sehemu hiyo ilikuwa moja tu: Vasa, ya mwaka 1628.

Franzén hakuwa akibahatisha. Alikuwa amepekua nyaraka za karne ya 17, lakini matumaini yake yalitokana hasa na kiumbe mmoja wa baharini asiyeweza kuishi Stockholm. Jina lake la kitaalamu ni Teredo navalis, wa jamii ya kombe na chaza ingawa mwili wake ni wa mnyoo. Magamba yake mawili madogo yako kichwani, naye huyatumia kukereza mbao, akijichimbia njia huku akila unga wake. Anahitaji maji ya chumvi. Bahari ya Hindi ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, ilhali Baltiki upande wa Stockholm haifikishi gramu 7. Kwa hiyo merikebu inayozama huko hubaki na mbao zake.

Kwetu mambo ni kinyume. Fundi wa Nungwi au Lamu anajua kwamba mashua ikiachwa majini bila matunzo itatobolewa tobotobo. Ndiyo maana chombo hupwelezwa mchangani maji yakitoka, tumbo lake likababuliwa kwa moto wa makuti ili wadudu wafe, kisha likapakwa mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama.

Hata hivyo, kwenye bahari yetu pia mti unaweza kudumu ukifukiwa. Manowari ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mwaka 1697 chini ya Ngome ya Yesu, Mombasa, wakati ngome hiyo imezingirwa na Waomani. Wanaakiolojia walipoichimba kati ya 1977 na 1980, walikuta sehemu za juu zimekwisha, lakini sehemu ya chini, iliyokuwa imezama kwenye tope, ilikuwa bado ipo, mbao kwa mataruma. Ndani ya tope oksijeni ni haba na teredo hafiki. Wakapima, wakachora, vitu walivyovipata wakavipeleka kwenye makumbusho ya ngome, na mwili wa manowari wakauacha palepale. Naona walifanya jambo la busara, na ninasema hivyo kwa sababu ya yaliyoipata Vasa baada ya kutolewa majini.

Kuzama kwenyewe kulichukua dakika chache. Vasa ilijengwa kwa amri ya Mfalme Gustav II Adolf, aliyekuwa vitani na Poland, na ikang'oa nanga tarehe 10 Agosti 1628 ikiwa na mizinga 64. Ilikwenda mita 1,300 hivi. Upepo wa kwanza uliilaza ubavu, ikajiinua. Wa pili ukailaza zaidi, na maji yakaingia kwa matundu ya mizinga ya chini, yaliyokuwa wazi kwa ajili ya kupiga saluti. Watu wapatao 30 walikufa, nchi kavu ikiwa karibu kabisa. Sehemu ya juu ya merikebu ilikuwa nzito mno. Farumi ya mawe ya tani 120 hivi iliyokuwa ngamani haikutosha, na mawe zaidi yangeshusha yale matundu karibu na maji. Jambo linaloniuma kila ninaposoma habari hii ni kwamba hatari ilionekana mapema. Kabla ya safari wanamaji 30 waliamriwa kukimbia kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ili kuipima, nayo ikayumba vibaya hata Admirali Klas Fleming akasimamisha zoezi. Safari haikuahirishwa. Baraza la uchunguzi lilipokaa, hakuna aliyetiwa hatiani.

Miaka ya 1660 wapiga mbizi waliotumia kengele ya kupumulia waliopoa mizinga zaidi ya 50, kazi ya kustaajabisha kwa zama zile. Kisha merikebu ikasahauliwa, na jiji likaendelea kumwaga maji yake machafu bandarini, karne baada ya karne. Uchafu huo ulipooza ulimaliza oksijeni ya maji ya chini, na viumbe wengi wanaokula mti wakashindwa kuishi humo. Waliostawi ni bakteria wasiohitaji oksijeni, ambao huvuta pumzi, tuseme, kwa kutumia salfeti ya majini na kutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo iliingia taratibu kwenye mwaloni na kubaki humo kwa sura ya salfa. Wakati huohuo bolti za chuma zilizoshikilia mbao zilikuwa zikiliwa na kutu, na chuma chake kikipenya kwenye mti. Maji yaliyoitunza Vasa kwa miaka 333 ndiyo yaliyoiwekea pia sumu yake.

Uopoaji ulianza kwa wapiga mbizi kuchimba mahandaki sita chini ya merikebu kwa mabomba ya maji, mmoja mmoja, gizani, juu yao umening'inia uzito wa mwaloni na mawe. Nyaya nene zikapitishwa humo, na mwaka 1959 Vasa ikasogezwa hatua kwa hatua hadi kwenye kina cha mita 16. Hapo walitumia karibu miaka miwili kuziba matundu. Bolti za asili zilikuwa zimekwisha kwa kutu, na kila moja iliacha tundu lake. Maelfu ya matundu, na kila moja lilihitaji mkono wa mtu. Tarehe 24 Aprili 1961 ikaibuka, na siku chache baadaye ikaelea yenyewe.

Baada ya hapo maji yaliyojaa ndani ya mti yakawa ndiyo tatizo. Bakteria walikuwa wamekula sehemu ya selulosi kwenye tabaka za nje za mwaloni, na kilichozifanya seli zisibonyee ni yale maji yaliyojaa mahali pa selulosi iliyoliwa. Mbao za namna hiyo zikiachwa zikauke zenyewe, maji yanapotoka huzivuta kuta za seli pamoja, mti ukasinyaa na kupasuka. Dawa iliyochaguliwa ni polietilini glaikoli, PEG kwa kifupi, aina ya nta inayoyeyuka majini na ambayo hutumika pia kwenye dawa na vipodozi. Iliingia mahali pa maji na kubaki humo. Kuinyunyizia merikebu nzima kulichukua miaka 17, kuanzia 1962 hadi 1979, kisha ikaachwa ikauke polepole. Makumbusho yake ya sasa yalifunguliwa mwaka 1990, na watu wengi waliamini kazi imekwisha.

Kiangazi cha mwaka 2000 kilikuwa cha mvua nyingi. Wageni waliingia na nguo zilizolowa, unyevu ukapanda ndani ya jengo, na mbao zikaanza kutokwa na unga mweupe na wa manjano. Ulipopimwa ulikuwa na asidi kali. Timu ya Magnus Sandström wa Chuo Kikuu cha Stockholm ilieleza chanzo chake katika jarida la Nature mwaka 2002: ndani ya mbao kulikuwa na salfa nyingi, na oksijeni ya hewani ilikuwa ikiigeuza kuwa asidi ya salfa. Salfa yote ikigeuka, asidi hiyo ingefika tani 5 hivi. Kichocheo kilikuwa chuma. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba chuma kina makosa zaidi: hata mbali ndani ya mbao, ambako PEG haikufika sana, chuma na oksijeni hukata nyuzi za selulosi na kuacha asidi ya oksaliki. Ukiutazama kwa nje, mwaloni ni mzima. Ukiuvuta kwenye mashine ya kupimia, unakatika kwa nguvu ndogo sana kuliko mwaloni mpya.

Hapa ninaukumbuka mtepe wa pwani yetu, ulioshonwa kwa kamba za makumbi na kufungwa kwa vigingi vya mti, bila msumari hata mmoja. Mwili wake usingekuwa na chuma cha kuchochea asidi hiyo.

Tiba ya Vasa imekuwa ya subira. Mitambo mipya ya hewa iliyofungwa mwaka 2004 hulishika jengo katika nyuzi joto 18 hadi 20 na unyevu usiobadilika, kwa sababu mti unaovimba na kusinyaa kila msimu huchoka upesi. Kisha zikaja bolti. Zile zilizotiwa miaka ya 1960 kujaza matundu ya zamani zilikuwa za chuma cha kawaida, nazo zilianza kushika kutu zikiwa ndani ya mbao. Kuanzia 2011 hadi 2018 zaidi ya 5,000 zilitolewa na kuwekwa za chuma cha pua. Waliokuwa wakizichomoa walikuwa wakikarabati kazi ya wakarabati waliowatangulia, na hao nao walikuwa wametumia ujuzi bora wa wakati wao.

Sasa ni zamu ya vitegemeo. Ikiwa majini, merikebu hubebwa kila mahali kwa usawa. Ikiwa ukumbini, uzito wote huangukia mkuku na nguzo chache, ambazo huibonyeza mbao isiyo tena na nguvu. Vipimo vya leza vinaonyesha kwamba mwili wa Vasa unaendelea kushuka na kuegemea upande wa kushoto, kiasi cha milimita moja kwa mwaka. Mwaka 2024 makumbusho yalianza kubadilisha vitegemeo hivyo kwa mfumo mpya wa chuma utakaogawa uzito vizuri zaidi. Ni kazi ya miaka kadhaa na ya mamilioni ya krona, kwa merikebu iliyokwisha opolewa tangu 1961. Sweden imekubali gharama hiyo, na nafurahi imekubali, maana hakuna merikebu nyingine ya karne ya 17 iliyobaki nzima kiasi hiki. Kwa Mombasa, pendekezo lolote la kuitoa Santo António kwenye tope lake lipimwe kwanza kwa hesabu hizi: nani atalipia umeme wa kuipoza hewa na mishahara ya wanakemia, mwaka hadi mwaka, miaka 60 baada ya winchi kuondoka.