Nguzo Isiyobeba Paa: Deni la Brâncuși kwa Maseremala wa Kijijini

Mwaka 1918 Constantin Brâncuși, mchongaji wa Kiromania aliyeishi Paris, alichonga kwa mkono nguzo ya mwaloni yenye urefu wa mita mbili hivi. Leo imo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa mjini New York. Haina sura ya mtu wala ya mnyama. Ni pingili zinazobana na kutanuka, kisha kubana tena, kutoka chini hadi juu, na jina lake ni Nguzo Isiyo na Mwisho. Ni rahisi kuisifu kama umbo tupu lililozaliwa kichwani mwa mtu mmoja mwenye kipaji. Naamini sifa hiyo inawadhulumu watu wengi. Nguzo hii imetoka kwenye nyumba za mbao, na mwenye kuitazama bila kuzikumbuka nyumba hizo anaiona nusu tu.

Brâncuși alizaliwa mwaka 1876 katika kijiji cha Hobița, mkoani Gorj, kusini magharibi mwa Romania. Nyumba za kale za huko ni za mbao, zina baraza mbele, na paa la baraza hubebwa na nguzo zilizochongwa kwa mikato ya kujirudia. Kabla ya kuingia chuo cha sanaa cha Bucharest, kijana huyo alisoma katika Shule ya Sanaa na Ufundi ya Craiova, kuanzia 1894 hadi 1898, akajifunza kazi za mbao. Alikuwa fundi wa mbao, basi, kabla ya kuwa bingwa wa marumaru na shaba. Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, umo ndani ya nguzo yenyewe. Seremala akitaka kupamba boriti ya pande nne, huipiga msumeno hadi kina anachokitaka, halafu huuchonga mti kwa shoka au patasi kuuelekea mkato huo, mara kutoka juu, mara kutoka chini. Kinachobaki ni nyuso za mshazari zinazokutana kwenye ukingo mkali. Hakuna mviringo, kwa kuwa zana zenyewe hazielekei huko. Brâncuși aliyapenda sana maumbo ya yai alipofanya kazi kwa marumaru. Aliposhika mwaloni, alilifuata umbo ambalo msumeno na shoka hulitoa bila kulazimishwa. Hiyo ni akili ya karakana ya useremala.

Wapo wanaosema chanzo ni Afrika. Hoja yao ina uzito: wasanii wa Paris wa wakati ule walizitazama sana sanamu za Kiafrika, na baadhi ya kazi za mbao za Brâncuși zinaonyesha hivyo waziwazi. Inawezekana sanamu hizo ndizo zilizomhakikishia kwamba mbao inastahili heshima sawa na marumaru. Lakini Afrika ikiingizwa katika mjadala huu inaitia nguvu hoja ya nyumba. Kati ya 1910 na 1914 Olowe wa Ise, mchongaji wa Kiyoruba, alichonga nguzo za baraza kwa ajili ya jumba la mfalme wa Ikere, na moja yao sasa imo katika jumba la sanaa la Chicago. Kwa Olowe nguzo ya nyumba na sanamu vilikuwa kitu kimoja. Ukuta kati ya seremala na msanii umejengwa na majumba ya makumbusho, si na wachongaji.

Pingamizi jingine ni kwamba Brâncuși alitumia kwanza pingili kama hizi kuwa vigoda vya kuwekea sanamu zake. Sioni tatizo hapo, maana kigoda nacho ni kitu cha kubeba. Gumu zaidi ni hili: nguzo ya baraza ina kazi, ilhali hii haibebi chochote, basi vipi ziwe ndugu? Hapa ndipo mchango wa Brâncuși mwenyewe ulipo, na ni mkubwa. Katika nyumba, paa ndilo linaloiambia nguzo ikomee wapi. Yeye aliliondoa paa, na mdundo wa mikato ile ukakosa sababu ya kusimama. Mwaka 1920 alichonga nyingine ya zaidi ya mita saba katika bustani ya mpigapicha Edward Steichen, kijijini Voulangis, Ufaransa. Mwaka 1938 ikasimama ile kuu, ya chuma cha kusubu, yenye urefu wa mita 29 na ushei, mjini Târgu Jiu, katika mkoa uleule alikozaliwa, kuwakumbuka askari wa Romania wa Vita Kuu ya Kwanza. Kila pingili nzima ina urefu wa sentimita 180. Pingili ya mwisho juu imekatwa nusu, kana kwamba safari inaendelea.

Mwaka 2024 UNESCO iliziingiza kazi za Târgu Jiu katika orodha ya urithi wa dunia, na zilistahili. Kaskazini ya mji huo, kijijini Curtișoara, kuna makumbusho ya wazi yanayohifadhi nyumba za mbao za Gorj na nguzo zake. Atakayefunga safari kwenda kuiona nguzo ya chuma asirudi kabla ya kufika Curtișoara, na wanaoandika vibao vya maelezo katika majumba ya makumbusho wawataje maseremala wale, hata kama majina yao hayakuandikwa popote.