Kijana Yupi Apelekwe Shule ya Uongozi?

Barua imefika usharikani: leteni jina la kijana mmoja kwa mafunzo ya uongozi wa Kikristo. Siku zilizobaki ni chache. Wazee wanakutana baada ya ibada, jina la kwanza kutajwa linaandikwa, muhuri unagongwa. Baadaye kijana anarudi kabla ya kumaliza, au anamaliza lakini haonekani tena kwenye kikundi cha vijana. Michango ya waumini imekwenda, na mwakani hakuna anayetaka kuchanga.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kuepuka hali hiyo.

Kazi kubwa ya kuchagua iko kwenu

Kwa kawaida shule huomba fomu, barua ya mchungaji au padre, na maelezo ambayo kijana ameyaandika mwenyewe. Nyingine humwita kwenye usaili. Lakini shule itazungumza naye kwa muda mfupi tu, na ninyi mmeishi naye miaka mingi. Barua yenu ikisema uongo, shule haina njia rahisi ya kujua.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinatupa mfano. Wajane waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuteua watu kwa siri. Waliwaambia waumini wenyewe watafute watu saba wenye sifa njema. Tena kazi ilikuwa inawasubiri. Basi jiulizeni kwanza: akirudi, tunataka afanye nini?

Mambo ya kuangalia

1. Anachofanya sasa bila cheo. Nani hufagia kanisa, hufundisha watoto Jumapili, huwatembelea wagonjwa bila kutumwa?

2. Uaminifu katika fedha ndogo. Aliposhika mchango wa kwaya, hesabu ilikamilika?

3. Anavyopokea maonyo. Kijana anayenuna wiki nzima kwa kukosolewa bado anahitaji malezi ya nyumbani.

4. Kusoma na kuandika. Ulizeni mapema kiwango cha elimu kinachotakiwa, asiende kuaibika.

5. Hali ya nyumbani. Kama ndiye anayelima shamba la mama yake, nani atalima akiwa shuleni? Lipangeni hilo kabla ya safari.

Wanaosahauliwa

Samweli alipofika kwa Yese, wana saba walipitishwa mbele yake. Wa nane, Daudi, alikuwa malishoni na hakuna aliyemwita. Hata leo wasichana wengi hawatajwi kwa sababu wakati wa kikao wako jikoni au kisimani. Tajeni majina yao pia. Kisha zungumzeni na wazazi waziwazi: atalala wapi, mlezi wa kike ni nani, na nyumbani watampigia nani simu.

Mtoto wa mchungaji au wa mzee wa kanisa hakatazwi kuomba. Ila apimwe kama wenzake, na mzazi wake atoke nje wakati jina hilo linajadiliwa.

Cheti na matapeli

Si kila cheti cha mafunzo ya kanisa kinakubalika katika ajira. Hapa Tanzania vyuo vya kati na vya ufundi husajiliwa na NACTVET, kwa hiyo ulizeni kama chuo kimesajiliwa na cheti chake kinatumika wapi. Kijana aambiwe ukweli huo kabla hajaaga.

Ukipokea ujumbe kwamba mwanao amechaguliwa na utume pesa haraka kwa namba ya mtu binafsi, usitume. Mpigie kwanza mchungaji wako, naye aulize ofisi ya jimbo au dayosisi. Ukibaini ni utapeli, peleka ujumbe huo kwenda namba 15040.

Waliokosa nafasi

Muiteni kila mmoja, mwambieni sababu, na mpeni kazi ya kufanya mwaka huu: kusimamia kipindi cha watoto, kutunza daftari la kikundi. Kijana aliyeachwa bila maelezo huona hakuna anayemthamini. Aliyeelezwa na kupewa kazi anaweza kuwa jina la kwanza barua nyingine ikifika.