Umefomati Patishoni Kimakosa? Tulia Kwanza, Faili Zako Bado Ziko Ndani

Mwaka jana nilipewa kazi ya kupiga picha za ruracio. Nililipwa nusu, nusu ingine ningepewa nikileta picha. Kabla nizipeleke, lapi ikaanza kusota, nikasema wacha niweke Windows upya. Sasa, pale kwa kuchagua diski hauoni C wala D, unaona namba tu. Nikachagua patishoni 3 badala ya 2, nikabonyeza Format. Sekunde chache, kwisha. Picha zote zilikuwa huko.

Manze, nilitoka jasho. Lakini kitu moja iliniokoa: nilizima lapi hapo hapo.

Iko hivi. Chukulia diski yako ni ploti, na keateka ako na buku ya majina ya wapangaji. Fomati ya haraka ni kumpa keateka buku mpya, tupu. Wapangaji hawajahama, bado wako kwa keja zao. Shida ni keateka sasa anaona ploti yote iko wazi, so faili yoyote mpya ikikuja anaipatia keja ya mtu. Yule wa zamani akitupwa nje, harudi.

Ndio maana kufomati pekee haiui faili. Kinachoua ni vile unaendelea kutumia diski: kuweka Windows, kudanlodi, hata kuinstoo programu ya kurudisha faili kwa diski hiyo hiyo.

Fanya hivi:

1. Zima mashine. Toa diski, uichomeke kwa lapi ya beshte ukitumia kava ya USB.

2. Danlodi TestDisk. Ni ya bure, na inakuja pamoja na PhotoRec, zote za Christophe Grenier. Kama patishoni ilifutwa tu bila kufomatiwa, anza na TestDisk, inaweza kuirudisha na majina yake yote. Kama ilifomatiwa kama yangu, jaribu PhotoRec.

3. PhotoRec haisomi buku ya keateka. Inapita mlango kwa mlango ikitambua faili kwa sura. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na alama FF D8 FF. Ikipata hiyo, inaichukua.

4. Seivu zile zinarudi kwa diski ingine. Sio ile ile, tafadhali.

Wapi itagoma? Fomati ndefu. Tangu Windows Vista, hiyo huandika sufuri kwa diski yote, so hakuna kitu inabaki. SSD nayo ni noma. Tangu Windows 7, ukifomati, SSD huambiwa keja ziko wazi kwa amri inaitwa TRIM, na inaanza kuzisafisha yenyewe. Hapo usijipe matumaini mob. Mimi bahati yangu ilikuwa diski ya kuzunguka.

Na kama diski inagonga tik tik, usiichezee na programu. Hiyo ni ya fundi anayejua kazi. Mwambie afungue faili uzione kabla utoe doo.

Yangu ilikesha usiku mzima. Asubuhi nikapata mafolda kibao yanaitwa recup_dir, picha zote zimepoteza majina, zimechanganyika na memes za kitambo. Nyingi zilikuwa sawa. Lakini faili ikiwa ilikuwa imehifadhiwa vipande vipande, PhotoRec huileta ikiwa nusu. Ile ya cucu akiwabariki ilikuja hivyo, juu ni kitambaa chake cha kichwa, chini ni kijivu tupu. Na ndio mathe wa dame aliulizia ya kwanza.

Doo nililipwa. Hiyo picha sikuwahi pata.

Sai nikitaka kuguza Windows, naangalia saizi ya patishoni mara mbili. Na kazi ya mtu haikai kwa lapi pekee: kopi ingine iko kwa diski ya nje, ingine iko mtandaoni. Fanya hivyo leo, kabla ulale.