Saini 'imekubali'? Subiri, hakiki kwanza ufunguo ni wa nani

Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba jijini Mwanza, akipata SMS ya "ile hela tuma kwenye namba hii", hapigi namba iliyomtumia. Anapiga ile ya siku zote ya mtu wake wa Ukerewe. Asipofanya hivyo, hela imeenda.

Wewe unayeshusha msimbo chanzo ili ujenge programu mwenyewe kwenye laptop, fanya vivyo hivyo. Ukijenga msimbo wa tapeli, unaendesha maagizo yake kwenye mashine yenye nywila na kazi zako zote.

Iko hivi: watengenezaji wengi huambatanisha msimbo na saini ya kidijitali. Programu kama GnuPG huikagua kwa ufunguo wa umma wa mtengenezaji. Ikikubali, maana yake faili lilisainiwa kwa ufunguo huo na halijaguswa tangu hapo. Basi. Jina lililo kwenye ufunguo, mtu yeyote anaweza kuliandika.

Imeshatokea. Mwaka 2016 zilionekana funguo feki zenye jina la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na hata namba fupi ya herufi 8 ilifanana na ya ufunguo wake halisi. Februari mwaka huohuo, wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza watu kwenye faili lenye mlango wa siri.

Ukikutana na ufunguo usioujua:

1. Linganisha alama yake nzima, mara nyingi herufi na tarakimu 40, si zile 8 za mwisho.

2. Itafute alama hiyo kwa njia nyingine, si kwenye tovuti ileile uliyoshusha faili. Angalia toleo la zamani unaloliamini, au muulize mtu unayemfahamu anayeitumia programu hiyo.

3. Ufunguo umebadilishwa? Tafuta tangazo lililosainiwa kwa ufunguo wa zamani. Kama halipo, usijenge kwanza.

Hata hivyo, ufunguo halali haumalizi kila kitu. Machi 2024 mlango wa siri uligunduliwa kwenye xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na aliyeyasaini ni msimamizi aliyekuwa ameaminiwa na mradi wenyewe. Saini inakuonyesha mzigo umetoka kwa nani. Kilichomo ndani ya gunia bado kinahitaji macho ya watu.