Jani bila jua halitoi pumzi



Mu kariera moja ambayo sitataja jina lake, kijana mmoja alishuka shimoni asubuhi akiwa amefunga mgongoni matawi mabichi ya mwembe. Nilimuuliza ni ya nini. Akanijibu: "Mukubwa, kule chini pumzi inakuwaka kidogo. Ku masomo walitufundishaka kama majani inatoaka oksijeni." Sikumcheka, maana na mimi nilifundishwa hivyo. Mchana tulimvuta kwa kamba, amezimia, jasho baridi usoni. Alipona. Mwenzake aliyekuwa mbele yake mu galeri hakupona. Matawi yalikuwa bado mabichi.

Masomo hayakumdanganya. Yalimpa nusu ya neno. Nusu ingine niliielewa vizuri kwetu Kinkondja, pembeni ya ziwa Kisale.

Wengi wenu munajua Kinkondja kwa njia ya sufuria: samaki wa kukausha na wa chumvi wanaopita Bukama, kisha wanapanda treni kuelekea Likasi na Lubumbashi. Lile ziwa limejaa mafunjo. Mizizi yake inashikana, inakuwa kama mkeka mzito unaoelea, na upepo unaweza kukata kipande na kukitembeza kama kisiwa. Ukiona kijani yote ile utasema samaki wa pale wana pumzi ya kuuza. Nilimwambia mjomba wangu hivyo, yeye ni mvuvi, akacheka. "Chini ya mafunjo mayi iko nyeusi na inanuka. Pale utapata kambale tu." Kambale ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kupanda na kuvuta hewa ya inje. Samaki asiye na kiungo kama kile anakimbilia maji ya wazi.

Sababu ni nini? Jani linafanya kazi zamu ya mchana tu. Rangi yake ya kijani inashika mwanga wa jua, na kwa nguvu ya ule mwanga jani linapasua maji yaliyopandishwa na mizizi. Maji ni haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni inabaki kazini, inaunganishwa na gazi kaboniki iliyoingia kupitia matundu madogo ya jani, na hapo ndipo sukari inatengenezwa: muhindi, muhogo, embe, vyote vinaanzia pale. Oksijeni ya yale maji inazidi, inatupwa inje. Sisi watu tunaishi kwa kitu ambacho jani linatupa, kama vile tunavyotupa udongo usio na madini.

Kwa muda mrefu wenye elimu wengi walifikiri kama oksijeni hiyo inatoka katika gazi kaboniki. Mwaka 1941, huko California, Samuel Ruben na Martin Kamen walitumia maji yenye oksijeni nzito, kama mtu anayetia alama kwenye gunia ili ajue litafika depo gani. Gazi iliyotoka ilikuwa na alama ya maji.

Ndugu wa Kisenge, hapa sikilizeni. Chombo kidogo kinachopasua maji ndani ya jani kina chembe 4 za manganezi na 1 ya kalisiamu. Wajapani walionyesha umbo lake wazi mwaka 2011. Mwanga unakipiga mara 4 ndipo molekuli moja ya oksijeni inatoka. Manganezi iliyochimbwa Kisenge na kwenda mpaka Lobito kwa reli ya Benguela, ni ileile inayofanya kazi mu kila jani la sombe. Miaka yote hiyo tuliambiwa tu kama ni ya kutengeneza chuma.

Sasa zima jua. Jani linaanza kuishi kama sisi: linavuta oksijeni, linatoa gazi kaboniki. Daktari Jan Ingenhousz aliandika jambo hili mwaka 1779, baada ya kuchunguza majani ndani ya maji. Batoto wanaweza kujaribu: mutie majani ya majini ndani ya chupa nyeupe iliyojaa maji, muiweke juani, mutaona mapovu madogo yakipanda. Muifunike kwa kitambaa kizito, mapovu yatakoma.

Mafunjo nayo majani yake iko juu, oksijeni yake inakwenda na upepo. Chini ni giza, na vinavyooza vinakula ile kidogo iliyoko. Tena maji ni maskini kwa asili: lita moja ya maji yenye joto la digrii 25 inashika oksijeni miligramu 8 hivi, lita moja ya hewa ina karibu 280.

Shimo letu liko kama chini ya mafunjo. Taa ya kichwani siyo jua. Yale matawi ya mwembe yalikuwa yanavuta pumzi pamoja na wale vijana. Walivuta kidogo, siwezi kusema kama ndiyo yaliua. Kilichoua ni hewa isiyotembea. Lakini matawi yaliwapa moyo wa kuendelea kwenda mbele, na kwa hiyo ninayachukia.

Hewa inaletwa na mtu: kwa mlango wa pili wa galeri, au kwa vantilateri na bomba linalofika mpaka pale munapochimba. Mota ibaki inje, mbali na mdomo wa shimo. Pompi ya petroli isishuke hata siku moja, maana moshi wake una gazi isiyo na harufu inayoua mtu huku bougie bado inawaka. Vitu hivi vina bei, na bei hiyo siyo mchimbaji wa kuilipa mu mfuko wake. Ndivyo tunavyodai kila tukikaa na wakubwa, na hatujamaliza kudai.

Yule kijana alirudi kazini. Mu kile shimo alikataa kuingia. Kwa lingine aliuliza kwanza mlango wa pili uko wapi, wenzake wakamngojea mpaka akaenda kuuona.