Chama cha Madaktari wa Dharura Kina Faida Gani kwa Wazee Wetu?



Sisi tuishio hapa Mirdif tumekwisha zoea kwamba mtu akizidiwa ghafla hupigwa namba 998, na gari la wagonjwa likaja. Huko nyumbani mambo sivyo yalivyo. Mzee akibanwa na kifua usiku, hutafutwa bajaji au gari la jirani, kisha simu hupigwa kwetu ughaibuni ili fedha zitumwe. Fedha hizo zina kazi yake, lakini katika saa ya kwanza mgonjwa yu mikononi mwa yule aliyempokea mlangoni mwa hospitali. Je, mtu huyo amefundishwa nini, na ni nani aliyesimamia afundishwe hivyo?

Kwa Tanzania, jibu la swali hili ni la juzijuzi tu. Kwa miaka mingi mlango wa hospitali ulikuwa na mapokezi na foleni. Aghalabu aliyewahi ndiye aliyeonwa kwanza, hata kama nyuma yake yupo anayekata roho. Januari 2010, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, iliyojengwa kwa ushirikiano wa Serikali na Abbott Fund. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo, na wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Ilipofika mwaka 2012, chama chao cha kitaifa, kijulikanacho kwa kifupi EMAT, kilikuwa kimekwisha anzishwa.

Huenda mtu akauliza: penye hospitali, chuo na wizara, chama ni cha nini tena? Jawabu ni kwamba hospitali huwaangalia wagonjwa wake, chuo huwatahini wanafunzi wake, na wizara ina mzigo wa mambo mengi. Chama ndicho kinachowakusanya wenye fani kutoka kila mkoa wakakubaliana nani aonwe kwanza, dawa gani zisikosekane chumbani, na muuguzi wa wilayani ajue nini. Chama pia ndicho chenye sauti ya kuishauri Serikali, kwa kuwa daktari mmojammoja akisema huonekana analalamika.

Haja hiyo ilidhihirika tangu Oktoba 2021, Serikali ya Tanzania ilipozindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu ya fedha hizo ilijenga majengo ya huduma za dharura katika hospitali mbalimbali nchini. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini jengo laweza kusimama kwa mwaka mmoja, ilhali bingwa husomea udaktari miaka 5, hufanya kazi ya mazoezi mwaka 1, kisha husomea fani yake miaka 3. Pengo hilo halizibwi kwa saruji.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na kwa ushirikiano wa Shirikisho la Kimataifa la Tiba ya Dharura, lilitoa mwaka 2018 mafunzo mafupi ya huduma ya awali ya dharura, yaliyokwisha jaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia. Muuguzi hufundishwa kwa siku chache kumpima mgonjwa kwa utaratibu: njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu, na mwili mzima. Mafunzo hayo hayahitaji mashine za thamani; yanahitaji walimu, na walimu hao hutoka miongoni mwa wanachama wa vyama vya namna hii.

Wala sheria peke yake haitoshi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hata hivyo, Oktoba 2015, jijini Nairobi, majeruhi mmoja alikaa takriban saa 18 ndani ya gari la wagonjwa akikosa kitanda, na akafariki dunia.

Basi sisi tufanye nini? Kwanza, kila familia iulize sasa, kabla ya siku ya taabu: ni hospitali ipi jirani na wazee yenye idara ya dharura iliyo wazi usiku kucha, na ni nani atakayewafikisha? Orodha ya dawa zao iwekwe mahali panapojulikana. Kwa mama mjamzito au mtoto mchanga aliye Tanzania, namba 115 ya mpango wa m-mama hupigwa bila malipo.

Pili, twapochanga kwa ajili ya hospitali ya kwetu, tusikimbilie kununua vitanda. Tuwaulize kwanza wenye fani ni nini kilichopungua. Pengine watatuambia tumlipie muuguzi mmoja mafunzo. Na muuguzi huyo ndiye atakayekuwapo mlangoni usiku ambao sisi tuko mbali.