Dumu la Handeni, Mto wa Korogwe

Maji ya bomba ya mradi wa HTM (Handeni Trunk Main) yanayofika Handeni huchotwa Mto Pangani, upande wa Korogwe. Yakikatika, watu hurudi kwenye malambo na kwa wauza madumu. Sasa tuseme mtoto mmoja wa Handeni na mwenzake wa Korogwe wamelazwa wiki ileile, wote kwa taifodi. Lawama itakimbilia bomba. Ili kuipima, lazima bakteria wa watoto hao walinganishwe.

Kipimo cha Widal hakitaamua kesi hii. Kinatafuta kingamwili, si bakteria mwenyewe, kwa hiyo hakiachi kitu cha kulinganisha. Damu lazima iingie kwenye chupa ya kuotesha, ikae nyuzi 37 siku kadhaa, kisha ipandwe kwenye sahani mpaka vitokee vidoa, kila kimoja ukoo wa bakteria mmoja. Mara nyingi hapa ndipo kazi inapokufa: mtoto keshapewa vidonge vya duka la dawa, na chupa haioti kitu.

Kikiota, zipo njia za kukitambua. Ile ya mwaka 1984 hukatakata DNA kwa vimeng'enya, umeme ukaviburuta vipande ndani ya jeli vikaacha mistari ya kulinganisha. Mwaka 1998 ikaja ya kusoma vipande vya jeni chache, kwa kawaida saba. Kwa bakteria wengi inatosha. Kwa wa taifodi, ambao karibu wote wanafanana, ni sawa na kuingia soko la Korogwe ukamwulizia Juma.

Ndipo husomwa jenomu nzima, herufi takribani milioni 4.8. Kwa njia hiyo, mwaka 2015 watafiti walilinganisha sampuli 1,832 kutoka nchi 63 wakaona ukoo uitwao H58 ulivyotoka Asia na kuingia Afrika. Kwa mabara, kazi safi. Kwa wilaya mbili jirani mambo ni magumu, maana bakteria huyu hubadilika chini ya herufi moja kwa mwaka.

Jenomu za bakteria wa watoto wetu zikitofautiana herufi 20, yaelekea hawakuambukizana, wala hawakuupata ugonjwa kwa mtu mmoja. Bomba bado halijaachiwa, kwani mto hubeba kinyesi cha wengi. Zikilingana zote, nalo halijahukumiwa: mpishi mmoja anaweza kubeba bakteria kwenye kibofu cha nyongo miaka mingi bila homa, akawalisha wote wawili.

Kwa hiyo muuguzi anarudi wodini na daftari.

“Mama, Jumapili mlikunywa maji wapi?”

“Tulikuwa msibani.”

“Nani aliyachemsha?”

“Hayakuchemshwa. Yalitoka kwenye dumu.”